Bi Uzi na ukurasa wa kumi na nne

Saa mbili kasorobo asubuhi, Bi Uzi amesimama nje ya mlango ambao kwa miaka ishirini na sita aliufungua mwenyewe. Mkoba uko begani, chupa ya chai iko mkononi. Anamsubiri askari wa zamu aje na ufunguo.

"Shikamoo, mama," anasema askari akikwepa macho yake.

"Marahaba, baba. Tunaingia, au leo tunapekuana kwanza?"

Askari anacheka kidogo. Kisha anaupekua mkoba kweli.

Ndani ni masjala ya mirathi ya mahakama. Kuna majalada zaidi ya elfu kumi na moja, kila moja likiwa na mali ya aliyekufa na ugomvi wa walio hai. Kila karatasi inayoingia, Bi Uzi huiandika namba kwa wino mwekundu, huitoboa kwa sindano ya magunia, hupitisha uzi na kukaza fundo. Jina lake lilitoka hapo. Hata hakimu humwita hivyo.

Miaka tisa iliyopita mfanyabiashara wa mbao alifariki, akaacha wosia ulioweka nyumba na ghala chini ya amana. Mdogo wake aliwekwa kuwa mdhamini, asimamie mali mpaka watoto wawili wa marehemu watimize miaka ishirini na moja.

Mwaka huu, mtoto mkubwa akiwa amebakiza miezi minne, mdhamini alimpelekea shemeji yake, mjane wa marehemu, barua ya kuhama. Alidai kwamba jaladani mna nyongeza ya wosia inayompa yeye nyumba.

Mjane alikwenda masjala kuhakikisha. Bi Uzi akateremsha jalada. Ukurasa wa mwisho, wa kumi na nne, ulikuwamo kweli, na namba yake nyekundu.

"Niliupeleka dirishani," anasema. "Mwandiko ule unafanana na wangu. Lakini matundu yalikuwa ya duara, safi, ya mashine. Na mashine ya kutobolea karatasi tumeletewa juzijuzi tu, haijafika miaka mitatu. Sasa karatasi ya miaka tisa ilitobolewa wapi?"

Hapo akafanya kosa ambalo huenda ni mtu wa masjala tu angelifanya. Uzi ulikuwa umelegea, na fundo lilikuwa la mtu mwingine. Kabla hajamwita yeyote, alilifungua fundo lile, akasawazisha karatasi, akalikaza upya.

"Jalada likilegea, nalifunga. Mkono ulitangulia, akili ikafuata nyuma."

Fundo la mgeni likapotea. Alama za vidole zilizobaki zikawa zake. Polisi walipoanza kuchunguza kughushiwa kwa wosia, yeye ndiye aliyehojiwa wa kwanza, na kesi ya mirathi ikasimamishwa kungoja uchunguzi. Alikaa nyumbani siku sitini na moja kwa nusu mshahara.

Mjane alimfuata hadi mlangoni kwake. "Mtu mzima na mvi zako! Shemeji yangu alikupa nini?"

"Hakunipa kitu, mwanangu."

"Usiniite mwanangu."

Bi Uzi amerudi kazini, lakini ufunguo hajarudishiwa. Anasema ufunguo wa pili ulikuwa ukining'inia ofisini kwa msajili, na kila mwenye haraka aliuchukua. Daftari la kupokelea nyaraka la mwaka ule wosia ulipoletwa nalo halionekani.

"Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Mimi sijui ni nguo ipi."

Ndiyo maana ya chupa ya chai. Karani wa meza ya pili anamtania: "Bi Uzi, kwani chai yetu ina sumu?"

"Sumu sijui. Masikio inayo."

Wote wanacheka. Karani anaacha kucheka mapema kuliko wenzake, na Bi Uzi analiona hilo. Siku hizi anaona kila kitu, na hana hakika na chochote.

Mpelelezi wa kesi hiyo ni mtu wa maneno machache. "Matundu yanaonyesha lini. Hayaonyeshi nani," anasema. "Mama huyu, kwa sasa, ni shahidi."

Bi Uzi anapoambiwa maneno hayo, anarudia mawili tu: "Kwa sasa." Halafu anaendelea kupitisha uzi.

Jumatano ijayo hakimu ataisikiliza tena kesi ya mirathi, na Bi Uzi atasimama kizimbani kama shahidi. Ukurasa ule ukiaminiwa, watoto watatolewa nyumbani kwao na mtu aliyeachiwa awatunzie. Anapanga kumwomba hakimu amruhusu atoboe karatasi mbele ya wote, ili waone tundu la sindano linavyoacha kingo zilizochanika.

Wiki iliyopita mjane alikuja tena. Hakusalimu. Alikaa kwenye benchi, akaitazama sindano ikipita karatasini.

"Hiyo sindano yako, utakwenda nayo mahakamani?"

"Nitakwenda nayo."

"Basi usiipoteze."

Bi Uzi amebakiza miaka miwili kustaafu. Haoti shamba wala duka. "Nataka siku ya mwisho nifungue mlango huu mwenyewe asubuhi, na jioni ufunguo niukabidhi kwa mkono wangu. Nisinyang'anywe. Niukabidhi."

Saa kumi jioni askari anagonga meza: muda umekwisha. Bi Uzi anaiviringisha sindano kwenye kitambaa, anasimama, na kuufungua mkoba wake kabla hajaombwa.