Mtani wa Mlishaji

Kwa wiki tatu za mwanzo sikupata mfanyakazi hata mmoja mwenye shida. Niliwauliza watu wa shamba zima la mkonge, wakataji, wabebaji na waanikaji wa singa, zile nyuzi za mkonge, na wote walikuwa wazima, wamelala vizuri, wameridhika, alhamdulillahi. Ungeyasoma madaftari yangu ya miaka ile ya hamsini ungedhani pepo iko nje kidogo ya Tanga, njia ya Pangani, na meneja wake ni malaika aliyevaa kaptula.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya kati, nimeazimwa kwa bibi mmoja wa Kizungu aliyetoka chuo kikuu cha kwao kuja kuchunguza uchovu na wasiwasi wa watu kazini. Yeye alitunga maswali, mimi nikayatia Kiswahili, nikauliza na kuandika majibu. Elimu hiyo ndiyo niliyokuja kuitumikia maisha yangu yote, nimeifundisha mpaka mvi zimenienea, lakini wakati ule sikuijua hata jina. Nilichojua ni kwamba bibi yule aliyatazama madaftari yangu kwa jicho lile lile nililowatazamia wanafunzi walionakiliana mtihani.

"Mwalimu," aliniambia siku moja, "ama watu hawa hawana damu, ama wewe huwaulizi."

Nilikuwa nawauliza. Shida ni kwamba niliwauliza kama mtu mwenye adabu zake. Chukua mlishaji wa kinu. Alikuwa Mzigua wa upande wa Mwera, mtu mzima wa kuamkiwa. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, nikamuuliza habari za usingizi. Mtu wa rika la baba yako, umemkuta kazini kwake mbele ya wenzake, atakwambia nini? "Njema, mwanangu." Nikaandika: njema.

Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya kinu, ambacho sote tulikiita korona, na kuyapanga majani ya mkonge yaingie kwenye meno ya chuma yaliyoyaponda mpaka zikabaki singa tupu. Kinu hakikuwa na urafiki. Likiingia jani kinakula, ukiingia mkono kinakula vilevile.

Siku hiyo pembeni alikuwapo Mnyamwezi mmoja, wa rika la kaka yangu mkubwa, aliyekuwa akimletea mlishaji majani. Aliposikia lile "njema" alitupa mzigo chini, akaangua kicheko.

"Mwongo huyo, mwalimu! Muulize jana kalala saa ngapi. Tangu amzike mwanawe kawa bundi. Juzi kasinzia hapa hapa, nikamvuta shati. Siku moja Mzigua huyu atatia mkono kinuni, tupate kitoweo!"

Nilimgeukia mzee nikitarajia ugomvi. Alikuwa anacheka naye, machozi yakimlengalenga. "Mpagazi we," alimjibu, "na jeneza langu utalibeba wewe." Walikuwa watani, Mzigua na Mnyamwezi, na watani wana ruhusa ya kutukanana hadharani, hata kuchezea msiba, na atakayenuna ndiye aliyeshindwa.

Basi nikawa nimepata ufunguo. Nikaacha kumuuliza mtu habari zake, nikawa namuuliza mtani wake, mwenyewe amesimama pale pale. "Huyu? Akiitwa na nyapara tumbo linamwendesha!" "Huyu mkewe kamkimbia, siku hizi anaongea na panga lake." Na mwenyewe anacheka, anatikisa kichwa, hakanushi. Madaftari yakajaa. Bibi alifurahi, akaanza kunidokezea habari za mimi kupelekwa masomoni.

Mnyamwezi ndiye aliyeniwekea sharti, na safari hii hakucheka. "Mwalimu, haya ni ya utani. Ya utani hayapelekwi kwa mkubwa. Ukiyapeleka yanageuka kesi." Nikamwapia.

Hapo ndipo usingizi uliponipaa mimi. Kibanda nilichopewa kilikuwa hatua chache kutoka kinuni, na kinu kilinguruma tangu alfajiri mpaka alasiri. Nikajikuta nasikiliza kunyamaza kwake kuliko kunguruma kwake. Kikinyamaza kabla ya saa ya kula, ama ukanda umekatika ama ni mtu. Kila kiliponyamaza nilitoka mbio, kalamu mkononi, nikamkuta fundi anafunga ukanda na mzee anapangusa jasho. Nilimhesabu vidole kwa macho. Naye aliniona.

"Mwalimu, umepoteza nini hapa kila siku?"

"Sikupoteza kitu, mzee."

Niliogopa, nisiseme uongo. Nilimwendea bibi, akanikumbusha kwamba tumewaahidi watu siri, na jina la mtu halitoki daftarini. Kwa hiyo nilifungwa kwa kamba mbili, ya kwao na ya kwetu, na zote mbili zilikuwa za heshima. Nikamjaribu mzee mwenyewe, kwa kuzunguka, nikamuuliza kama asingependa kupumzika kidogo. Alinitazama sana.

"Goti langu halikati mkonge tena, mwanangu. Hapa ndipo paliponibakia."

Siku tatu baadaye nilimwona kwa macho yangu, kidevu kifuani, mikono inakwenda peke yake. Nikaenda kwa meneja. Nilijidanganya kwamba sivunji kitu. Sikutaja daftari, sikutaja utani, nilisema tu kwamba mlishaji anaonekana amechoka, pengine apumzishwe siku mbili tatu. Meneja hakuinua hata kichwa. Alisema ahsante. Nilitoka pale mwepesi, nikala wali kwa samaki mpaka nikaramba vidole, na usiku nikalala fofofo.

Asubuhi yake mzee alikuwa amepewa panga, anachechemea kuelekea shambani na wakataji. Na mbele ya kinu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu na ndiye aliyekuwa akiiona kazi ile kila siku, amesimama Mnyamwezi.

Naomba msomaji anivumilie kidogo. Haya nimeyaeleza darasani mara nyingi, na kila mara nimeyaeleza kwa maneno ya kitaalamu, ambayo ni blanketi zuri la kujifunikia. Nilikuwa nimeuliza nani amechoka. Sikuuliza ni kazi gani hii ambayo mtu husimama tangu alfajiri bila wa kumpokea, anatazama majani yale yale yakienda upande ule ule. Nilidhani usingizi ni wa mzee na msiba wake, kumbe nusu yake ulikuwa wa mahali pale, ungempata yeyote. Nilimwondoa mtu, nikakiacha kinu na saa zake vilevile. Yote niliyoyaandika baadaye ni swali hilo moja nililochelewa kuliuliza.

Mnyamwezi nilimpita kila asubuhi bila kumtazama usoni. Nilijiambia huyu bado ana nguvu, hana msiba, analala.

Siku ya nne kinu kikanyamaza.

Safari hii sikukimbia. Nilibaki kitini nikisema ni ukanda, ni ukanda, mpaka niliposikia watu wanapiga yowe.

Vilikuwa vidole vinne vya mkono wa kulia wa Mnyamwezi. Nilikwenda zahanati kesho yake. Mzee alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, bado ana matope ya shambani, anamlisha mwenzake uji kwa kijiko. Watani huuguzana, hilo nalo ni la desturi. Nikasimama mlangoni nikingoja waanze utani. Nilitamani mzee amwambie haya, kitoweo kimepatikana. Nilitamani wanitukane hata mimi. Walikuwa kimya, na ukimya ule ulinitisha kuliko wa kinu.

"Shikamooni."

"Marahaba," wakaitikia wote wawili.

Nikamuuliza mgonjwa habari za tangu jana.

"Njema tu, mwalimu."

Basi nikafanya kile nilichokuwa nimejifunza pale shambani, nikamgeukia mtani wake. Mzee aliupuliza uji, akampelekea mwenzake mdomoni, akangoja ameze. Kisha akanijibu bila kunitazama.

"Hana neno, mwalimu. Andika."