Ukiitwa Kunawa Mikono Nzilo, Ujue Umekosea

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukungu bado umelalia Ziwa Nzilo, na Mama Tshiela Ngeleka amekwisha kuingia majini hadi magotini, kitenge amekikunja na kukifunga kiunoni. Ukingoni vijana wamejipanga na mishipi yao, kila mmoja na kopo lake la chambo.

Mmoja anapiga ukelele. Amenasa perege mpana kama sahani. Anamvuta mpaka nchi kavu, anamwacha akirukaruka mchangani, kisha anamkamata kwa mikono mikavu na kumning'iniza kwa shavu ili mwenzake ampige picha.

Mama Tshiela hamkemei. Anamwita kama mtu anayeomba kusaidiwa mzigo.

"Mutoto yangu, twende tunawe mikono."

Kijana anashuka. Wale wengine wanaendelea na mishipi yao, hakuna anayegeuka. Huko chini, mikono ya wawili hao ikiwa majini na samaki katikati, mama anasema naye kwa sauti ndogo.

"Ukimushika na mukono mukavu, unamuvua nguo. Huu ute njo nguo yake. Bila nguo, ugonjwa unaingia."

"Na foto, mama?"

"Piga, mi sikatazi. Lakini yee abaki mu mayi, weye njo uiname. Samaki haina magoti."

Kijana anacheka, anainama, anapigwa picha. Halafu anamtia perege wake kwenye pipa la mama, akiwa mzima na magamba yake yote.

Hiyo ndiyo kazi ya Mama Tshiela, mwanamke anayekaribia miaka sitini. Nje kidogo ya Dilala, mjini Kolwezi, ana mabwawa mawili ya samaki, na kila mwisho wa juma huja hapa ziwani kununua perege wazazi kutoka kwa vijana wanaovua. Wazazi hao ndio wanaomzalia vifaranga anavyouzia familia zenye visima na vijibwawa vyao nyuma ya nyumba. Perege aliyechubuka huota ukungu mweupe mgongoni, akafa baada ya siku chache. Wiki ya namna hiyo, mama hurudi sokoni kukaanga samaki wa watu wengine.

Lakini kumwaibisha kijana aliyekosea, hapana. Ukitaka kujua sababu, utaambiwa kwanza habari za Jumapili za zamani.

Baba yake, Tshiamala Ngeleka, alikuwa dereva wa kreni wa Kampuni, ile ya migodi ya shaba. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa Kolwezi, mtoto wa mtu aliyeletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya shaba. Siku hizo king'ora cha Kampuni kilikuwa kinaamsha mji mzima. Jumapili hakikulia, na watu waliamka saa ile ile kwa mazoea, wakabaki kitandani wakicheka.

Baada ya misa, lori la Kampuni liliwapakia wanachama wa Serkili, chama cha wavuvi, na familia zao, likawaleta Nzilo. Wanaume walivaa suruali zilizopigwa pasi. Akina mama walibeba ugali wa bukari na mboga ya sombe. Watoto walipewa mkate na sardini.

"Sardini ya kopo!" Mama Tshiela anasema, akijipiga paja. "Tunakaa pembeni ya mayi yenye samaki, tunakula samaki ya kopo, na tunaona shee njo bakubwa. Ah, ile wakati."

Humo kwenye Serkili walikuwamo Waluba wa Kasai, Waluba wa kaskazini mwa Katanga, Walunda na Wasanga. Wengine hawakuwa wamewahi kushika ndoano. Wakikosea, Tshiamala hakuwasema mbele ya wake zao. Alipaza sauti: "Twende tunawe mikono!" Wake wakadhani wanaume wanajiandaa kula. Kumbe huko majini mtu anafundishwa kung'oa ndoano bila kupasua mdomo wa samaki, na kuwarudisha wadogo taratibu badala ya kuwarusha kama mawe.

"Mwanaume anarudi, mukono yake inatona mayi, bibi yake hajui kitu," anakumbuka. "Jumapili ingine yee njo anafundisha mwingine."

Mwaka 1990 mgodi wa chini wa Kamoto uliporomoka. Mishahara ikaanza kuchelewa. Lori la Jumapili likakosa mafuta, halafu likakosa magurudumu. Baadaye king'ora nacho kikanyamaza siku nyingine zaidi ya Jumapili, na hakuna aliyebaki kitandani akicheka.

Ndipo lilipokuja lile neno. Watu wa asili ya Kasai wakaanza kuitwa bilulu, yaani wadudu.

Mama Tshiela anaeleza kwamba halikuanza na panga wala moto. Lilianzia kwenye bomba la maji, kwa mzaha. Mwanamke mmoja alisema ndoo zisogezwe, wadudu wanataka kunywa. Wanawake wakacheka. Kesho yake watoto wakaimba. Wiki chache mbele, vijana wasiojulikana mtaani walipita wakigonga milango kwa fimbo, wakisema watu wa Kasai warudi kwao.

"Mama Henriette Kabemba, jirani yetu wa ukuta moja, alicheka nabo pale ku bomba. Mi nilimuona. Na siku ya kwenda ku gare, yee njo alitubebea matela ya kulalia ku kichwa, analia. Mpaka leo sijue nimuweke wapi mu roho."

Stesheni walikaa majuma, wamelala juu ya mizigo yao wakingojea treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Mvua ilinyesha, watoto walikohoa, na wengine hawakupanda treni hiyo kamwe. Tshiamala aliacha mishipi yake imeegemea ukuta wa nyumba. Alisema haina haja kuibeba, watakuwa wamerudi kabla ya Jumapili nyingi kupita. Alikufa Mwene-Ditu, huko Kasai, mwaka wa pili, na hakuliona tena ziwa.

Binti yake alirudi baada ya miaka zaidi ya kumi. Nyumba ilikuwa na watu wengine, wakamkaribisha maji ya kunywa. Sasa amepanga chumba kwenye mstari ule ule wa nyumba za Kampuni, milango minne kutoka mahali alipozaliwa.

Ndiyo maana yaliyosemwa Jumapili moja ya mwezi wa tisa mwaka huu yalimtikisa kuliko hasara ya siku hiyo.

Asubuhi hiyo alifika kijana mgeni, Jeancy Mukalay, mchimbaji kutoka Fungurume ambaye shimo lao lilikuwa limefungwa. Alikuwa na mkono wa bahati. Alinasa perege watano wakubwa, na aliwaona wenzake wakilowesha mikono, naye akalowesha. Tena akafanya zaidi. Alichovya gunia lake majini, akawatia samaki humo wasikauke, akaenda kuwamimina wote, na maji ya gunia, ndani ya pipa la Mama Tshiela lililokuwa limejaa samaki wa vijana wote.

Gunia lenyewe lilikuwa la kubebea mawe. Kila mchimbaji wa hapa analo, na analitumia kwa kila kitu: mto wa kulalia, koti la mvua, mfuko wa unga. Vumbi la shaba lilikuwa limejikita kwenye nyuzi zake. Maji ya pipa yakageuka rangi ya jani, na samaki wakaanza kupinduka, matumbo juu, mmoja baada ya mwingine.

Shekina, msichana anayevua vizuri kuliko wavulana wengi pale, alikuwa na simu mkononi. Alirekodi pipa, gunia, na uso wa Jeancy ulivyoachama. Akaongeza na maneno: "Muangalie muchimbaji, anachimba samaki!"

Ufuko mzima ukaangua kicheko. "Ulileta mawe ya malakiti ya kukaanga?" mmoja alimpigia kelele. "Uliza kama banapima samaki ku depo ya kuuzia mawe!" Kicheko kikachacha upesi, maana waliopoteza samaki ni hao hao. Barnabé, mwenyekiti wa kamati ya wavuvi, alitupa kofia chini.

"Arudi kwabo Fungurume! Leo hii!"

Wengine wakaitikia: "Arudi kwabo!"

Mama Tshiela anaikumbuka saa hiyo. "Samaki ilikufa, bon, samaki inakufaka. Lakini ile neno, na kicheko mbele yake. Mi najua ile njia. Najua inaendaka wapi."

Alimwuliza Shekina kama ameshatuma video.

"Bado, mama. Hapa réseau haiko. Mpaka nipande ku kilima."

Kila mtu wa Nzilo anakijua kilima hicho: mtandao unashika pale juu tu, na jumbe zote za ufuko huu, za mapenzi na za msiba, hutumwa kutoka hapo. Shekina akaanza kupanda. Mama Tshiela, goti lake bovu na yote, akapanda naye.

Njiani hakumwomba afute kitu. Alimwambia habari ya bomba la maji. Alimwambia nani alicheka kwanza, na nani alibeba godoro.

"Nilikuwa nataka tu batu baseke kidogo," Shekina ananiambia, akichora mchangani kwa ncha ya ufito wake. "Mama akasema, nabo balitaka kuseka kidogo. Nilikasirika. Nikamwambia, mama, mi sifukuzi mutu. Akasema, najua, mutoto. Akakaa juu ya jiwe, akaniachia simu yangu."

Shekina alikata video. Uso wa Jeancy na maneno ya dhihaka vikaondoka, likabaki gunia, pipa na maji ya kijani. Akaandika chini yake: "Samaki yako usimutie mu gunia ya mawe. Vumbi yake ni sumu." Ndivyo alivyoituma. Tangu hapo wachimbaji wawili wameteremka ziwani na ndoo za plastiki, wakisema waliona video. Hawajui ni gunia la nani.

Huku chini Barnabé alikuwa bado anatafuta kofia yake. Si mtu mbaya, na hasara ya siku hiyo ilikuwa pia ya wanawe wawili. Aliporudi mama, alimsikiliza.

"Muache abaki," Mama Tshiela alimwambia. "Mi namusimamia."

"Akikosea tena?"

"Akikosea tena, tutaondoka bote wawili."

Barnabé aliiokota kofia yake. Kuondoka kwa Mama Tshiela ni kuondoka kwa mnunuzi wa samaki hai pekee wa ufuko ule, na kwake mama ni kukosa wazazi wa mabwawa, yaani kukosa kula. Hatimaye mwenyekiti alipiga kofia yake gotini kuitoa mchanga. "Basi mama, umejifunga kamba. Usiniambie sikukuonya."

Jeancy alikuwa amekaa pembeni muda wote huo, mgongo kwa watu. Mama alipomwita majini alidhani anaitwa kupigwa.

"Alinifundisha mambo ya vumbi, halafu akaniuliza kama najua kuchimba," kijana huyo anasema. "Mama, nikamwambia, mi nimechimba kuliko panya."

Sasa anachimba bwawa la tatu. Nilimkuta huko na wenzake wawili, kifua wazi, koleo likiimba. Mahali walipo sipo mama alipopachagua kwanza. Yeye alikuwa amekwisha kufyeka majani kule juu na kupiga vigingi. Jeancy alingoja wenzake waende kula, akachukua bonge la udongo, akalifinya mbele ya mama likasambaratika. "Mama, huku mayi itakukimbia. Kule chini udongo inashikana." Vigingi vikahamishwa mchana huo. Wale wawili waliporudi kutoka kula, mama aliwaambia amebadilisha mawazo.

Anataka bwawa lijae kabla mvua kubwa haijaisha, na hapo ataleta wazazi wapya kutoka Nzilo. Kamati yote itaalikwa, Barnabé na wanawe mbele. Aliyechaguliwa kuwashika samaki wa kwanza na kuwaingiza majini ni Jeancy.

"Kosa tunasemea pembeni," Mama Tshiela anasema. "Kazi ya muzuri, hapana, ile ni ya mbele ya batu. Nimeisha kumwambia Shekina akuye na simu. Siku ile arekodi, na sura ionekane yote."

Kutoka shimoni, bila kuinua kichwa, sauti inajibu: "Basi mama, unitafutie shati."