Filamu ya Mchumi na Bibi wa Kiti cha Nyuma

Katikati ya filamu nilianza kutetemeka, na hakuna aliyejua ila mimi.

Jumamosi ile mchana tulikuwa watu ishirini hivi kwenye chumba cha wapangaji, chini ya jengo letu la ghorofa huku ughaibuni, Scarborough. Fomu ya kuomba chumba alisaini Anko. Si mjomba wangu wa damu. Ni Mgoa wa Dar, karani mstaafu wa forodha. Nilipofika nchi hii sina koti, alivua lake akanivika. Mtu akimsema vibaya mbele yangu tunagombana, sijali ni nani.

Anko ana shujaa wake, mchumi wa Kijerumani wa zamani aliyetaka falme zao ziondoe ushuru baina yao na zijenge reli, watawala wakamfukuza mpaka Marekani. Anko akaipata filamu ya maisha ya huyo mchumi mtandaoni, ya kizamani, haina rangi wala tafsiri. Kijerumani nimejifundisha mwenyewe kwenye simu, basi nikasema nitaitafsiri papo kwa papo kama madijei wa mabanda ya video kwetu. Na dijei wa kweli haangalii filamu kabla. Anaingia nayo kavukavu. Hiyo ndiyo sifa yake, na mimi sifa nazipenda.

Nikaanza kwa mbwembwe. Mchumi akiongea namtilia chumvi. Mawaziri nikawapa sauti za puani. Mama mmoja akasema tusihofu, staringi hafi. Anko akapiga makofi, wote wakafuata.

Halafu mchumi akaanza kuhubiri Wajerumani wote wawe kitu kimoja, kikubwa, chenye nguvu, na kamera ikamsogelea usoni kama anasali. Nikatafuta kwenye simu, chini ya meza, filamu yenyewe ni ya lini. Kumbe filamu ilitengenezwa katikati ya vita, chini ya serikali ileile iliyokuwa inaua Wayahudi.

Na kiti cha nyuma alikaa mwenyekiti wa wapangaji, bibi Myahudi ambaye wazazi wake walitoroka Berlin. Anko ndiye aliyemkaribisha, akamtengea na sambusa. Kiswahili hajui hata neno. Kijerumani anakisikia chote. Makofi yetu ameyaelewaje? Akilalamika, jina kwenye fomu ni la Anko.

Wazo la kwanza lilikuwa niendelee kudanganya. Lakini sikuweza. Nikaisimamisha picha, nikawaambia watu imetengenezwa lini na chini ya nani. Anko akaweka sahani chini taratibu. Nikamwendea bibi, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba filamu nimeichagua mimi, mzee hahusiki.

“Muongo huyo,” Anko akasema nyuma yangu, naye kwa Kiingereza. “Nimeichagua mimi.”

Bibi alinitazama mimi tu.

“Naijua tangu picha ya kwanza,” akasema. “Uliwaambia nini mpaka wakapiga makofi?”

Nikamweleza yote, na chumvi yangu yote. Hakucheka.

“Iwashe. Safari hii sema wanachosema wao tu.”

Anko akahamisha kiti chake akakaa pembeni ya bibi. Nikatafsiri mpaka mwisho, jicho moja kwenye filamu, jingine kwa bibi, nikisubiri ainuke atoke. Staringi akafa. Hapo ndipo bibi akainuka, akachukua ufunguo wa chumba mezani kama anavyofanya kila shughuli ikiisha, akamuuliza Anko Jumamosi ijayo tutakihitaji chumba saa ngapi.

Mimi bado nilikuwa nimeishikilia meza.