Mlango Uliokatazwa Mafuta

Mlango wa nyumba yetu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, unapiga kelele, na yeyote atakayeutia mafuta atagombana na mimi. Wageni hushangaa. Nyumba ya fundi wa vyuma, wanasema, na mlango unalia kama mbuzi aliyesahauliwa juani! Wengine wananong'ona kwamba mganga hajigangi. Waache waseme. Baba yangu alijua kutengeneza bawaba isiyotoa hata pumzi. Mageti aliyoyachomelea bado yapo Kamukuzi, mjini Mbarara, kwenye nyumba za wakubwa, na nikipita huko asubuhi nayaona yakifunguka kimya kabisa. Huu wa kwetu aliunyima mafuta kwa makusudi.

Aliutengeneza mwaka ule tulioingia kambini kutoka Kivu ya Kusini. Tulikuwa wanne: yeye, mama, mimi, na mdogo wangu wa kiume, ambaye bado alikuwa anabebwa mgongoni. Watoto wengine wawili tuliwaacha kwetu, chini ya udongo. Fremu aliipata kwenye lori lililoungua kando ya barabara. Ubao hakuwa nao, kwa hiyo aliokota madebe matupu ya mafuta ya msaada, akayapasua, akayanyoosha kwa nyundo juu ya jiwe, akayaunganisha moja baada ya jingine. Ukiinama karibu na mlango utaona maandishi ya madebe yale, yamefifia, mengine yamekaa miguu juu.

Mama alipoleta chupa ya mawese ili apake kwenye bawaba, baba alimshika mkono.

"Apana, mama," alisema. "Mulango ya nyumba inapashwa kusema. Kule kwetu ilikuwa kimya. Batu baliingia, hatukusikia."

Sikumsikia akilizungumza jambo hilo tena maisha yake yote. Alisema maneno hayo, akakusanya vyuma vyake, akaenda kunawa.

Basi mlango ukawa unasema, na baba akajifunza lugha yake. Kila mara mama aliusukuma polepole, ukatoa mlio mrefu. Mimi niliugonga kwa nyonga kwa sababu mikono ilikuwa na dumu la maji, ukalia mara mbili, kifupi kifupi. Mdogo wangu hakujua kutembea, alijua kukimbia tu, na mlango ulipiga kelele moja kali kisha ukagonga ukuta. Baba alikuwa anaketi nyuma ya nyumba akifua majembe, na bila kugeuka alimwita kila mmoja kwa jina. Tulijaribu kumdanganya, kila mtu akiingia kwa mtindo wa mwenzake. Hakudanganyika hata siku moja, na alicheka hadi akakohoa.

Baadaye alipata kazi Ruti, pembeni mwa Mbarara, kwenye gereji kando ya barabara ya Kabale. Alikuwa akiondoka Jumatatu na kurudi Jumamosi, na hakuwahi kurudi mikono mitupu. Nyama kidogo, au kipande cha sabuni, au kijiko alichokifua kutokana na mabaki ya bati. Kabla ya salamu aliuliza, "Mumekula?" Wanaume wengi waliokwenda kufanya kazi Mbarara walipata huko mke wa pili na wa tatu. Baba yangu alipata huko macho mabovu. Aliazima kioo kilichopasuka cha kukinga macho wakati wa kuchomelea, na siku nyingine alifumba macho tu na kugeuza uso pembeni, kama wanavyofanya mafundi wote wasio na kitu. Jumamosi jioni alilala chali huku mama akimwekea vipande vya viazi vibichi juu ya kope. Alisema kuna mchanga ndani. Sisi watoto tulicheka, kwa sababu mtu mwenye viazi usoni anachekesha. Leo sicheki nikikumbuka.

Siku moja alinipeleka Kamukuzi kuona geti alilolimaliza. Mwenye nyumba, Munyankore mmoja, mwenyeji wa huko, mnene mwenye kofia, alikuwa analifungua na kulifunga.

"Muzee, mimi hapana taka kelele," alisema. "Bibi yangu nalala mchana."

"Yako itakuwa kimya, ssebo," baba alimjibu, akimwita bwana kwa lugha yake. "Weye uko na askari."

Yule bwana alicheka sana, akadhani ni mzaha.

Mdogo wangu alipofika umri wa kukataa kila kitu, alikataa na mlango pia. Jumapili baada ya misa baba alikuwa analala, naye mdogo wangu alitakiwa kwenda mazoezi ya kwaya. Yeye alitaka mpira. Akaiba mawese ya mama, akapaka bawaba zote tatu, akawa anatoka na kuingia kama moshi. Jumapili ya pili baba aliamka, akaona doa jekundu na siafu wamejipanga juu ya chuma. Hakumpiga. Alichukua mafuta ya taa na majivu, akasugua bawaba mbele yetu sote.

"Hii mulango inakula mawese kupita sisi," alisema, na hata mdogo wangu alicheka. Kisha akamwambia, kwa sauti ya chini, "Toka namna unapenda. Lakini wakati unaingia, nikusikie."

Alimfundisha kazi. Walifanya kazi pamoja Ruti miaka michache, kisha mdogo wangu akasikia kwamba Juba fundi wa kuchomelea analipwa vizuri. Aliondoka akiwa ameahidi kumnunulia baba kioo kipya. Mwanzoni alipiga simu kila wiki. Halafu mara moja moja. Halafu simu yake ikawa haipatikani, na mpaka leo haipatikani. Watu waliotoka huko walituambia mambo yasiyolingana: wamemwona, hawajamwona, amehamia mji mwingine, usiulize. Nilichoka na hao waliosema usiulize.

Macho ya baba yalizimika katika miaka hiyo hiyo, moja kwanza, lingine baadaye. Kifua nacho kikafuata. Alipokuwa haamki tena, tulihamisha kitanda chake karibu na mlango. Tulisema ni kwa ajili ya hewa, lakini sote tulijua kwamba alitaka awe hapo. Hakuomba dawa, hakuomba padri. Alitaka jambo moja, kumsikia mwanawe akiingia kabla hajafa, na kila mlango ulipolia aligeuza sikio, akasikiliza, akasema, "Mama," au, "Dada mukubwa," yaani mimi. Alitamka kwa upole, lakini nilikuwa naona uso wake ukishuka. Kuingia nyumbani kwetu kukawa adhabu. Siku nyingine nilipitia dirishani.

Jirani yetu ni mama wa Kirundi, mwema kuliko ndugu. Alhamisi moja asubuhi mimi na mama tulikuwa shambani, yeye amebaki na mgonjwa. Tuliporudi mchana nilisukuma mlango kwa nyonga kama kawaida. Ulifunguka bila sauti. Nilidhani masikio yangu yameharibika.

"Nimewawekea mawese kidogo," jirani alininong'oneza. "Mlango ulikuwa unalia sana, nikasema acha muzee apumzike. Ona, amelala vizuri."

Hakuwa amelala. Alikuwa ameinua kichwa, pua juu, anavuta hewa. Harufu ya mawese ilijaa chumba kizima.

"Amerudi," baba alisema.

Aligeuza uso upande wetu.

"Ameisha rudi, ule mutoto. Amepaka mawese. Anazani sijui." Akaanza kucheka, kile kicheko cha zamani cha kuishia kwenye kikohozi. "Iko wapi?"

Nilifungua mdomo nimwambie ukweli. Mama alikuwa nyuma yangu na jembe bado begani.

"Iko naoga, papa," alisema. "Ametoka mbali."

Nilimchukia mama yangu wakati ule. Nasema wazi. Nilimvuta nje nikamuuliza kesho tutamwambia nini, na keshokutwa, kwa sababu mtu haogi siku mbili. Njia ya mwongo ni fupi, nilimwambia, kana kwamba yeye hakunifundisha methali hiyo mwenyewe.

"Ya papa wako njo fupi kuliko," alinijibu, yaani njia ya baba ndiyo fupi zaidi, akaenda kuwasha moto.

Mama alipika, akatenga sahani ya nne. Baba alisikia vijiko vikihesabiwa, akatabasamu. Jioni aliuliza mbona mwanawe haji kitandani. Mama alisema anaona haya, kwa sababu ya kukaa kimya muda mrefu vile.

"Mumuambie asiogope. Mawese haiko kitu," baba alisema. "Atakuya yeye mwenyewe. Miye niko hapa."

Hakumwita tena. Ijumaa na Jumamosi alilala akiwa ametulia, sikio limeelekea mlangoni, na kila upepo mdogo ulipompitia usoni alitikisa kichwa kidogo kama mtu anayeitikia salamu. Sijui kama aliamini mpaka mwisho. Baba yangu hakudanganyika hata siku moja, nimekwisha kusema. Labda alitaka sisi tuamini kwamba ameamini. Alikufa Jumapili, watu wakiwa kanisani, mama amemshika mkono. Mimi nilikuwa nimekwenda kuchota maji, na nilipoingia na dumu, mlango haukutangaza mtu yeyote.

Tulimzika mlimani, nyuma ya nyumba za mwisho. Msalaba wake ni wa chuma. Mafundi wenzake wa Ruti ndio walioutengeneza, na kiungo chake hakikunyooka, baba angeukataa. Baada ya waombolezaji kuondoka nilichukua mafuta ya taa na majivu, nikasugua bawaba zote tatu mpaka vidole vikachubuka. Jirani alinitazama kutoka uani kwake, akaanza kulia, na nilimwambia hakufanya kosa lolote. Ni kweli, hakufanya.

Sasa nashona nguo mjini, Nyamitanga, na Jumamosi narudi Nakivale kumwona mama. Nina dumu mkono mmoja na mfuko wa sukari mkono wa pili, kwa hiyo nausukuma mlango kwa nyonga. Unalia mara mbili, kifupi kifupi. Baba angejua mara moja. Mama hakuwahi kuijua lugha ile. Anaacha mwiko ndani ya sufuria, anatoka jikoni akikimbia na miguu yake mibovu, na jina analoliita si langu.

"Ni miye, mama," namwambia. "Ni miye tu."