Nilivyomsafirisha mama mkwe kwa camper ya kujitengenezea, Jinja hadi Mbale, na ukuta nilioutoboa njiani

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wadogo marahaba.

Nina uzi wa safari na bado nina furaha ninapouandika. Kila nitakachosema hapa kimetokea. Mke wangu yuko pembeni anasoma kila sentensi, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi.

Mimi ni Mtanzania, kwetu Tanga. Naishi Jinja, mtaa wa Nalufenya, kazi yangu ni kushona na kutengeneza viti vya magari. Nimeoa huku, mke wangu Mariamu ni Mgisu wa Mbale. Ndoa yetu iko mwaka wa sita na tuna mtoto mmoja, Rama.

Kwa muda mrefu nilikuwa na ndoto ya gari la kulala, yaani camper. Nikapata Hiace iliyochoka, nikaanza kuijenga mwenyewe jioni baada ya kazi. Kitanda, jiko la gesi, sinki, dumu la maji chini, sola juu, betri ya pili. Madirisha ya nyuma niliyaziba kwa bati na sponji ili joto lisiingie na wapita njia wasituchungulie. Juu nikaweka feni ya kuvuta hewa. Wakuu, ile feni nilikuwa naiangalia kama mtu anavyomwangalia mchumba.

Safari ya kwanza tulilala kambi moja kando ya Mto Nile, hapahapa Jinja. Tuliyojifunza:

Usiegeshe kwenye mteremko kichwa kikiwa chini. Sisi tulifanya hivyo na tukaamka vichwa vinagonga kama tumepigana. Siku hizi naweka bakuli la maji mezani kwanza, maji yakilala sawa ndipo natandika.

Mkate usiuache juu ya dashibodi na kioo kiko wazi. Tumbili wa Jinja wanajua gari la mgeni kuliko mwenye gari.

Na ukilala upande wa Wanyange karibu na ziwa, taa ya nje zima mapema. Wale wadudu wadogo wa ziwani wakija, utawala pamoja na wali.

Basi nikajiona mtaalamu. Kumbe mtihani wenyewe ulikuwa haujaja.

Mama mkwe wangu kila mtu anamwita Hajati. Alivunjika nyonga, akatibiwa huku Jinja, akawa anauguzwa Wanyange nyumbani kwa binti wa kaka yake. Daktari alimruhusu kusafiri ila kwa masharti: alale, asikae. Dakika chache tu za kukaa zilikuwa zinamtoa machozi.

Na kule Mbale, binti yake kitinda mimba, Zamu, alikuwa anaolewa. Nikaha Ijumaa baada ya Alasiri. Zamu alishasema wazi kwamba mama asipokuwepo hatoki chumbani, sheikh aje asije.

Ambulensi Hajati aliikataa kabisa. "Nikifika na hiyo gari, watu wataanza kulia kabla hawajaniangalia."

Mimi nikaruka. Camper si ipo? Kitanda kipo! Nikamwambia Mariamu kwa furaha zote, nikitegemea nitakumbatiwa.

Mariamu akaniangalia kwa huruma. "Baba Rama, mama yangu alale kwenye kitanda chako, nyuma yako, wewe ukiwa mbele?"

Hapa niwaeleze ambao hamjakaa huku. Kwetu pwani mama mkwe ni mama. Unamsalimia, unamletea samaki, mnakula, anakusema. Huku mama mkwe na mkwe wake hawakaribiani. Hapa Jinja wanaiita obuko, na kwa Wagisu nao ipo. Hamshikani mikono, hamli pamoja, hamkai chumba kimoja, na kumkuta amelala ni aibu ambayo sijui niipime kwa kilo ngapi. Nikiingia kwao yeye anatoka kwa mlango wa nyuma. Miaka yote ile alikuwa hajawahi kuniambia neno hata moja mimi mwenyewe. Kila kitu ni "mwambie huyo mtu yako".

Sheikh mmoja alishatuambia kidini hakuna tatizo, mama mkwe ni maharimu wako. Hajati akajibu kwamba sheikh amesema vizuri, lakini sheikh si Mgisu.

Kwa hiyo nikapendekeza pazia. Jibu likarudi kupitia Mariamu kwamba pazia ni nguo, na nguo si ukuta.

Haya, nikajenga ukuta. Plaiwudi nzito kutoka sakafu hadi dari, nimeigandisha na gundi, pembeni nimepiga mpira usiache hata upenyo wa kupitisha unyasi. Mbele kwangu, nyuma kwake. Godoro jipya, maana lile la zamani nililalia mimi. Mariamu akae naye huko nyuma, wakitaka kitu anipigie simu.

Siku ya safari nikaegesha Wanyange nyuma nyuma hadi mlangoni, kisha nikaenda kujificha nyuma ya jiko kama mwizi wa kuku wakati vijana wa nyumba wanampandisha. Nasikia kwa mbali anagonga ukuta wangu kwa ngumi, anaukagua. Akaugonga chini, akaugonga juu. Mwishowe nikasikia, "Eee. Hii ni ukuta."

Wakuu, sifa kama hiyo sijawahi kupewa na mteja yeyote.

Tukaondoka. Rama alishatangulia na wajomba zake. Jinja, Iganga, tukaingia barabara ya Tirinyi. Jua kali, barabara nzuri, mimi naimba peke yangu mbele.

Tukasimamishwa na trafiki. Akazunguka gari, akachungulia kwangu, akaona ukuta.

"Bwana, huko nyuma unabeba nini?"

"Afande, ni mgonjwa. Mama mzazi wa mke wangu."

Akarudi hatua moja. "Mama ya bibi yako? Na wewe ndio unaendesha?"

"Ndiyo afande."

Akaingiza mkono dirishani, akaugonga ukuta kama alivyougonga Hajati. Akamwita mwenzake naye aje agonge. Wakacheka mpaka kofia zikakaa upande, lakini mlango wa nyuma hakuna aliyeugusa.

"Hii iko sawa kabisa," akasema. "Enda, enda. Chunga huyo mzee vizuri."

Nikaondoka kichwa kimevimba. Najiona nimegundua kitu ambacho dunia nzima ya camper haijakigundua.

Tumepita Namutumba, tunakaribia daraja la Mpologoma, pale kwenye mafunjo na mashamba ya mpunga, simu ikalia. Mariamu analia.

"Simamisha! Simamisha gari! Mama hapati hewa!"

Nikaegesha kando. Nikazunguka, nikafungua mlango wa nyuma huku uso nimeugeuzia porini. Joto lililotoka mle ndani lilinipiga mgongoni kama nimefungua tanuri la mkate.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Feni ya juu haitengenezi hewa. Inavuta tu. Zamani ilikuwa inavuta hewa kutoka vioo vya mbele. Nilipojenga ukuta nikaziba njia yote. Feni ilikuwa inazunguka bure juu ya kichwa cha mama wa watu mwenye presha, na mimi mbele naimba.

Akina mama wanaouza mchele kando ya barabara wakaja mbio na maji na ungo. Mariamu akawa anampepea. Mimi nimesimama mbali, naangalia mafunjo. Niliogopa wakuu. Niliona Zamu amekaa chumbani amevaa, anasubiri, na mimi ndiye niliyemfungia mama yake kwenye sanduku.

Akapata nafuu kidogo. Tatizo likawa tunaendaje. Ukiendesha na mlango wa nyuma wazi, moshi wa silensa unarudi wote ndani, msithubutu hata siku moja. Mlango wa pembeni wazi, na mgonjwa asiyeweza kujishikilia, haiwezekani. Kubandua ukuta wote, ile gundi niliyopaka ingekula siku nzima.

Mariamu akataka turudi Iganga hospitali na habari za nikaha ziishe.

"Dawa ni kutoboa ukuta," nikamwambia Mariamu kwa sauti ya chini. "Tundu tu, hewa ya mbele ipite. Lakini mama..."

Ndipo ikatoka sauti ndani ya gari. Nyembamba, lakini haitetemeki.

"Baba Rama."

Nikadhani nimesikia vibaya. Mariamu mwenyewe aliacha kupepea.

"Baba Rama, wewe nakuita. Toboa."

Nikasema, "Naam, mama," huku bado nimeangalia porini.

"Nikikufa hapa, hiyo heshima mtaweka wapi? Toboa. Mtoto yangu ananingoja."

Wakuu nililia. Nasema ukweli, machozi yalinitoka mbele ya wauza mchele.

Nikachukua drili ya betri na msumeno mdogo, nikaingia upande wangu wa mbele. Mariamu akamfunika mama yake kwa leso vumbi lisimwangukie. Nikatoboa juu kabisa, usawa wa paji la uso wangu, ili hata nikigeuka nione dari tu. Matundu kwa duara, msumeno ukaunganisha, kipande cha ukubwa wa sinia dogo kikaanguka mapajani kwangu.

Nikafungua vioo vya mbele, nikawasha gari, tukaondoka. Ghafla nikasikia feni imebadilika mlio, imeshika hewa. Mariamu akapiga kelele za furaha huko nyuma. Nikavua kofia nikaifunika kwenye kioo cha kuangalia nyuma, isije ikawa nikamwona.

Tukavuka daraja. Mara sauti kupitia tundu:

"Unaendesha pole sana."

Nikaongeza mwendo huku nacheka.

Kuanzia hapo hakunyamaza! Miaka sita ya maneno ilitoka kwenye lile tundu. Akaniambia kikohozi changu anakijua, husikia kutoka jikoni kila nikija. Akaniambia yule kuku niliyepewa mara ya kwanza nilipokwenda kwao ni yeye aliyempika, alisimama nyuma ya mlango kusikia kama nitasifia chumvi.

"Na ni kweli huko kwenu mtu na mama ya bibi yake wanakula sinia moja?"

"Kweli, mama."

"Astaghfirullah," akasema. Kisha akacheka, na nikasikia Mariamu naye anacheka.

Baadaye akauliza, "Mama yako huko Tanga, yeye anasema nini juu ya mtoto yake kuishi mbali?"

Nikamwambia mama yangu alifariki kabla sijaoa.

Tumepita Kamonkoli, mlima wa Wanale umeshaonekana mbele, ndipo akasema:

"Sikujua. Hakuna mtu aliniambia."

Na kweli, nani angemwambia? Maneno yetu yote yalikuwa yanapitia kwa mtu wa tatu, na hilo hakuna aliyewahi kufikiri kulibeba.

"Basi, mwanangu," akasema. "Endesha."

Niliendesha. Barabara nilikuwa naiona kwa shida.

Tulipokata kona kuingia Namakwekwe, mtaa wao pale Mbale, watu wamejaa uani, viti vimepangwa, harufu ya malewa, yale machipukizi ya mianzi wanayopika Wagisu, inafika barabarani. Na yule mama aliyekuwa ananisimulia nusu saa nzima akabadilika sauti palepale.

"Mariamu, mwambie dereva asimame karibu na jiko."

Nikasimama karibu na jiko. Nikainamisha kichwa kwenye usukani wakati kaka zake Mariamu wanamteremsha na godoro lake. Vigelegele vilivyopigwa pale, nadhani mpaka mlimani vilisikika. Zamu alitoka chumbani anakimbia na shela lake mkononi. Sheikh alishavua saa mara mbili kuiangalia, lakini alisubiri. Nikaha ikafungwa Hajati akiwa amelala kwenye godoro lake katikati ya wanawake, na mimi nikaisikiliza kutoka ndani ya camper, nimekaa peke yangu, natabasamu kama mjinga.

Nilichojifunza, kwa wenye camper na wanaotaka kujenga: kabla ya kufunga chochote jiulize hewa inaingilia wapi na inatokea wapi. Ukibadilisha kitu kimoja ndani, jaribu gari upya kwa safari fupi mchana wa jua, wewe mwenyewe ukiwa nyuma. Na msumeno usikose kwenye boksi la vifaa.

La pili si la ufundi. Heshima ni kitu kizuri na mimi siidharau, ule ukuta niliujenga kwa mikono yangu. Lakini hata ukuta wa heshima unahitaji mahali pa kupumulia.

Sasa naomba msaada wenu, mafundi wa humu. Hajati anarudi Jinja kuonana na daktari, na amesema hapandi gari lingine. Ameleta maagizo kupitia Mariamu, kama kawaida. Tundu lisizibwe. Liwekewe kamlango kadogo ka kusukuma, na komeo moja tu.

Komeo liwe upande wake.

Mwenye kujua bawaba nyepesi zisizogongagonga gari likiwa kwenye mwendo, ashuke na maoni hapa chini. Nataka akilifungua nisikie sauti yake tu.