Niliezeka Kijumba cha Mchezo kwa Sanda ya Mama Mkwe

Ijumaa. Asubuhi ukungu mzito, mpaka saa tatu migomba ya jirani ilikuwa haionekani.

Naanza hivyo kwa sababu ndivyo ninavyoanza kila siku kwenye daftari langu, na haya nimeyanakili humo. Admin, nifichie jina. Nina miaka thelathini na moja, nimeolewa hapa Ihanda, Karagwe, nina watoto wawili na elimu yangu ni kidato cha nne. Majina ya watu nimeyabadilisha.

Zaidi ya migomba na kahawa, nina kazi ambayo hapa kijijini wanaicheka. Ninajenga vijumba vidogo vya Ulaya ya zamani, enzi za mapanga na mishale: ngome, makanisa, maghala. Mteja wangu ni mzungu aliyewahi kufanya kazi huku, sasa yuko Mwanza. Yeye na wenzake wanapanga vijumba hivyo mezani, wanaweka askari wadogo wasiofika urefu wa kidole gumba, kisha wanapigana vita kwa kurusha dadu. Kuta nakata kwenye maboksi ya sabuni. Mawe natengeneza kwa trei za mayai. Kila mlango naupima kwa rula ili askari apite bila kuinama. Mume wangu hunitania, "Umejenga kijiji kizima, mama, na jiko letu bado linavuja."

Mwezi uliopita mteja aliagiza ghala lenye paa la vigae vya mbao vilivyochakaa. Nilijaribu boksi, likaonekana boksi. Nilijaribu maganda makavu ya mgomba, yakajikunja. Wiki hiyohiyo mama mkwe alinituma nikamtolee blanketi kwenye sanduku lake. Chini ya blanketi, ndani ya kanga ya zamani, nikaiona rubugo yake, nguo ya gome la mti, nyekundu kama udongo wetu. Marehemu baba yake ndiye aliyempa, na kila mtu nyumbani anajua kwamba ndiyo atakayozikwa nayo.

Nilijua. Sitaki mniambie sikujua.

Lakini pindo moja lilikuwa limeliwa na wadudu, nikajiambia hilo haliwezi kumsaidia mtu. Siku mbili baadaye yeye akiwa kanisani, nikaweka rula, nikakata ukanda wa upana wa vidole vinne, umenyooka kabisa. Nikaukata tena kuwa vigae mia tatu na kumi na viwili, nikavibandika kimoja kimoja. Paa lilitoka zuri kuliko yote niliyowahi kutengeneza. Mteja alipiga simu: "Dada, hii umeipata wapi?" Nikamjibu kwamba ni siri ya fundi, nikacheka.

Wiki iliyopita mama mkwe aliitoa rubugo kuianika juani. Alikaa chini palepale uani, ameishika mapajani. Nikamwambia labda ni panya.

"Panya hana mkasi, mwanangu," akasema. "Huyu amekata kwa kunyoosha. Ni mtu wa mkasi."

Mtu wa mkasi katika ukoo wetu ni mmoja, Mama Asimwe, mke wa shemeji yangu. Ni fundi cherehani, katokea Nyakatuntu kule Kyerwa, na ndiye anayempikia mama kwa sababu nyumba zao zimekaribiana. Mama anaamini kipande kimepelekwa kwa mganga. Tangu siku hiyo hagusi chakula cha Mama Asimwe. Amekonda, analala ameangalia ukuta. Anasema, "Wameshanipimia shimo. Bado kunisukuma tu."

Habari zimesambaa. Wanawake wanakwenda kwa Mama Asimwe kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa. Jumatano alikuja kwangu, hata kuketi hakuketi.

"Dada, wewe mama anakusikiliza. Mwambie mimi sijawahi kukata kitambaa kabla mwenyewe hajaniambia kata."

"Nitamwambia," nikajibu. Gundi ilikuwa bado kwenye kucha zangu.

Sikumwambia. Nilimpigia mteja, nikamwomba anirudishie ghala. Akasema halitoki, lina wapiga mishale sita ndani na vita havijaisha. Na hata likirudi, nitavibandua vipi vigae mia tatu na kumi na viwili viwe nguo?

Jana jioni mama mkwe aliniita. "Chukua kalamu. Wewe una mwandiko." Nikadhani ni barua ya kanisani. Kumbe ni ya shemeji yangu, isomwe kwenye kikao cha ukoo Jumapili baada ya ibada. Akasema, nami nikaandika: "Mkeo amenikatia sanda nikiwa hai. Ndugu zake waje wamchukue." Mistari yangu ilinyooka kama nimeipima kwa rula, na hilo linanitisha kuliko yote. Nilipomsomea, alinishika kichwa akasema, "Mungu akubariki, wewe ndiwe binti yangu." Na mimi ndiye nitakayeisoma Jumapili.

Nilimwambia mume wangu kila kitu. Akasema, "Ukisema, atakayerudishwa kwao ni wewe, na wanangu hawaendi kwenu Nyakakika. Nyamaza. Mambo yatapoa." Labda kwangu yatapoa. Mama Asimwe naye ana watoto watatu, na mama mkwe hali chakula.

Ndugu zangu msio na uso, nitukaneni kwanza, halafu mnishauri. Niende kwa mama peke yake kesho, nimpigie magoti, nikaeleze kwamba hakuna mganga, ni mimi na rula yangu? Au nisimame mbele ya ukoo wote, ili Mama Asimwe asafishwe palepale alipochafuliwa? Na watoto wangu je? Nijibuni kabla ya Jumapili.

Usiku wa kuamkia leo nimelala saa tisa na dakika ishirini.