Koili za Baba

Juzi sokoni Ipinda niliona mama mmoja akipapasa chungu kutafuta ufa, nikaikumbuka redio aliyokuwa akiiunda baba nilipokuwa mtoto. Ilikuwa na koili za kuchuja mawimbi, waya wa shaba uliozungushwa kwa kuacha nafasi kati ya mizunguko, na swichi ya kuchagua koili. Nyumba ilinuka risasi iliyoyeyushwa ya kuungia nyaya. Mama yangu, mfinyanzi, alikuwa amenifundisha kuziba kila nafasi ili chungu kisivuje. Basi mchana mmoja, baba akiwa ametoka, nikaibana pamoja mizunguko ya koili zote.

Baba alipowasha, kila alikogeuza swichi redio ilikoroma tu.

"Nani amegusa?"

"Mimi, baba. Nimeziba, sauti isivuje."

Leo najua nafasi zile alizipima wiki nzima. Alichukua njiti ya kiberiti, akaanza kutenganisha mzunguko mmoja mmoja. Nililia kwa hasira: kazi yangu nzuri yote, anaibomoa!